Siku Nyoka Alipotugandisha Juu, Mimi na Mama Mkwe

Mpaka leo siwezi kununua samaki pale soko la Mpondwe bila kuulizwa habari za mama mkwe wangu. Na siyo salamu ya kawaida, hapana, wanauliza huku wamejifunika mdomo kwa kitenge, na yule mama muuza samaki wa chumvi ndiye mbaya zaidi, ananiuliza kama nimeshatoka mapajani mwa mkwe wangu au bado nimejificha. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, maana ukiwaachia watu aibu yako wanaitia chumvi, na hii yangu ilikuja na chumvi yake ya kutosha, hata ziwa la Katwe halina nyingi hivyo.

Mimi ni Thembo, na pamoja na mke wangu Biira tuna uwanja wa michezo hapa Bwera, mpakani na Kongo, jirani na soko hilo. Tulianza na bembea na lile puto kubwa la kurukia watoto, tukaongeza farasi wa kuzunguka, halafu baada ya kuhangaika sana nikaleta kutoka Kampala rola kosta iliyokwisha kutumika, ndogo tu, vigari vitano vilivyoungana, vinavutwa na mnyororo mpaka juu ya kilima cha kwanza cha chuma kisha vinaachiwa vijiendee, chini puu, juu kilima cha pili, mkunjo mmoja, nyumbani. Watu wakaibatiza Nyoka. Siku ilipopita daraja la Katunguru, vipande vipande juu ya lori, nilikuwa nimekaa mbele na dereva, kifua mbele, naona kama hata viboko majini wananiamkia.

Sasa mtu akishapata Nyoka mmoja anataka wa pili, mrefu zaidi. Hapo ndipo mimi na Biira tulipokosana. Kando ya uwanja wetu kuna kiwanja cha mama yake, na bila hicho kiwanja hatuna pa kuongeza hata kiti. Mimi nilisema tukipewa tuweke Nyoka wa pili, maana nani atatoka Kasese mjini kuja kutazama kikombe? (Biira alitaka vile vikombe vikubwa vya kuzunguka chini kwa chini, watu wanakaa ndani na watoto wao.) Yeye akanijibu kwamba Nyoka mmoja anapandisha vijana wachache, na nyuma ya kila kijana kuna mama, shangazi na bibi waliosimama juani wakishika mabegi, na hao wanaoshika mabegi ndio wanaoamua kama watarudi Jumapili ijayo. Nikamwambia hajui biashara. Akachukua daftari lake la hesabu akaendelea na kazi, jambo ambalo mwanamume mwenye akili angeliogopa.

Mama mkwe akatuma habari: kiwanja chake anaweza kukipanda kahawa, anaweza kutupa sisi, lakini kwanza aje aone kwa macho yake. Akachagua siku ya soko.

Hapa lazima niwaeleze jambo, la sivyo hamtaelewa nilivyokufa kwa aibu siku ile. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai kiti kimoja, hawashikani mkono, na maneno wanapelekeana kupitia kwa mtu mwingine hata kama wamesimama hatua mbili. Miaka yote tangu nimwoe Biira, huyu mama hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Nilimheshimu mpaka nikasahau sura yake, kwa sababu nilikuwa natazama viatu vyake tu.

Akaja, gauni lake refu la heshima, busuti, limenyooka, na nyuma yake wamama wenzake wa kanisa. Wakazunguka uwanja polepole, wakapita kwenye puto, wakapita kwa farasi, kisha wale wenzake wakakaa kwenye benchi, na kabla hawajapumua vijana wakawa wamewarundikia mabegi, makoti na simu wawashikie. Biira akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

Mama mkwe alisimama mbele ya Nyoka muda mrefu, halafu akamgeukia binti yake.

"Mwambie mkwe wangu nataka kupanda hiyo kitu. Na yeye apande. Siwezi kula chakula ambayo mupishi mwenyewe iko naogopa."

Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kupanda Nyoka. Mwenye baa halewi pombe yake, ndivyo nilivyokuwa najibu watu wakiniuliza, na jibu lilikuwa linanitosha. Lakini pale, mbele ya foleni nzima, nitasemaje?

Ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo. Nyoka anataka uzito. Vigari vikijaa watu vinapata nguvu ya kuvuka kilima cha pili, vikiwa vitupu vinachoka njiani, na hiyo sheria nilikuwa naihubiri mwenyewe kila asubuhi: tunajaza au hatuendi. Lakini nikawaza, mama mkwe wangu, mtu mzima, akae katikati ya vijana wanaotafuna jojo na kupiga mayowe masikioni mwake? Heshima iko wapi? Nikawashusha wote. Nikamweka yeye kigari cha mbele kabisa, mimi nikaenda cha nyuma kabisa, na vigari vitatu katikati nikaviacha vitupu, viwe pazia.

Kakule, fundi wetu kutoka Butembo kule Kongo, akakuna kichwa. "Patron, hii gari iko mwepesi sana," akasema. Nikamjibu kwa ile sauti ya jeshi niliyoirithi kwa mjomba: washa. Akawasha.

Mnyororo ukatuvuta. Kilima cha kwanza kikaisha chini yangu kama ngazi iliyoondolewa, tukashuka, na sauti yangu yote nikaimeza kwa sababu mkwe yuko mbele. Tukaanza kupanda kilima cha pili. Gari likapunguza mwendo. Likapunguza tena. Kigari chake kikavuka kilele, kikainamia upande wa pili, changu kikabaki kimening'inia upande wa huku, na hapo hapo, tii, tukasimama.

Nikasikia jenereta chini, na mbuzi wa mtu sokoni.

"Patron," Kakule akaita kutoka chini, bila haraka, "mama anavuta mbele, wewe unavuta nyuma. Bote munatoshana."

Soko zima likasikia. Waendesha bodaboda wakaacha abiria, makuli wa mpakani wakatua mizigo, hata upande wa Kongo niliona watu wamepanda juu ya magunia ili waone vizuri. Kila mmoja wao anajua mwiko ule. Kila mmoja alikuwa ameshaelewa, kabla yangu, ni nini kitahitajika.

Kakule akapanda ngazi ya pembeni, akapita kwenye kijia chembamba cha mbao, akaweka kigingi mbele ya gurudumu. Akanieleza taratibu kwamba hawezi kusukuma, gari likiondoka ghafla litamwangusha, kwa hiyo uzito uende mbele. Uzito ni mimi. Nikamwomba anivute kigari kimoja tu. Akanifungulia chuma, akanishika mshipi, nikatambaa, nikakaa. Akatoa kigingi. Gari likalia kidogo, likakaa. Kigingi kikarudi. Nikatambaa tena kimoja, kisha kingine, suruali ikachanika nyuma (ndiyo, na ndiyo, upande wa sokoni), na chini wakaanza kunishangilia kama mtu anayefunga mabao, kila kigari bao. Nikabaki nyuma yake kabisa, pua yangu karibu na kitambaa chake cha kichwa. Kigingi kikatoka. Gari halikusogea.

"Imebaki kiti moja, patron," Kakule akasema, na nilimwona akigeuza uso ili asicheke.

Nilishika kichwa. Nikasema ni afadhali tukeshe hapa hapa. Ndipo nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia ikiniita mimi.

"Thembo. Kuja ukae. Hapa juu hakuna mutu ya kutupelekea maneno."

Nikaenda. Nikakaa ubavuni mwake, macho nimefumba, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Akasema, polepole, "Fungua macho, mwanangu. Angalia."

Nikafungua. Mawingu ya mlima Rwenzori, ambayo huwa yamejifunga pale siku baada ya siku mpaka wageni wanadhani tunawadanganya kuhusu theluji, yalikuwa yanafunguka. Yalifunguka bila sauti, na nyuma yake kukatokea weupe, weupe uliokaa juu sana, mahali ambapo macho yangu yalitegemea kuona anga tu. Nzururu, ndivyo tunavyoiita theluji, na wazee hawalitaji jina hilo ovyo. Nimezaliwa chini ya ule mlima, nimenywa maji yake, nimewabebea wazungu mizigo kutoka Nyakalengija nikiwa kijana, na sikuwahi kuuona mzima namna ile, umekaa umetulia, na sisi wote chini yake, soko, foleni ya malori mpakani, mto, Kongo, tambarare yote mpaka ziwani, ni vitu vidogo vilivyowekwa miguuni pake. Nilisahau suruali. Nilisahau watu. Nilimgeukia mama mkwe nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na alikuwa analia, machozi yanashuka na hayafuti.

"Mama yangu alikufa hajaona hii," akasema. "Alikuwa anainama kwenye shamba kila siku."

Tulikaa hivyo, wawili, kiti kimoja.

Halafu Kakule akatoa kigingi.

Sasa zile sauti zote nilizomeza kwenye kilima cha kwanza zilitoka kwenye cha pili. Nililia "mama" mpaka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, wakasikia, nikamkumbatia, na tulipoingia kwenye mkunjo kichwa changu kilikuwa kimeshazama mapajani mwake, ndani ya busuti, na hapo ndipo kilipokuwa Nyoka aliposimama nyumbani mbele ya umati wote. Yeye alikuwa amekaa wima, mkono mmoja umeshika chuma, wa pili unanipigapiga mgongo kama mtoto aliyekula vibaya. Biira alinifunga kitenge chake kiunoni nikatembea nacho mpaka nyumbani.

Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Baba mdogo wa Biira akasema mwiko ni mwiko, nimemgusa mkwe mchana kweupe na nchi mbili zimeshuhudia, nitoe mbuzi. Nikatoa, na nikaapa mbele yao wote kwamba sitapanda tena kile chuma maisha yangu. Kuhusu kiwanja nilikuwa nimeshakata tamaa, nikawaza kahawa itaota hapo na kila nikipita nitakumbuka. Lakini mama mkwe akatuma maneno kupitia kwa binti yake, kama kawaida: kiwanja tuchukue, Nyoka ni kitu kikubwa na asiondolewe, ila yeye alipotoka kule juu alikuwa na jambo la kuwaambia wenzake, na wenzake walikuwa wamekaa na mabegi ya watu, hawajapanda chochote. Tuweke vikombe. Tuweke na ile mashua inayobembea taratibu. Nyoka wa pili tumlete siku benchi litakapokuwa tupu. Biira alinifikishia ujumbe huo neno kwa neno, na hakuongeza lake, na hilo liliniuma zaidi.

Vikombe vikafungwa. Siku ya kwanza mama mkwe alikuja na kanisa zima, wakazunguka wakicheka mpaka vitambaa vikawaanguka, na mabegi yao yakakaa peke yake kwenye benchi. Mimi nilisimama mbali, macho kwenye viatu, kama inavyotakiwa. Nikaona viatu vyake vinakuja. Akamtuma Biira akalete soda. Akangoja mpaka Biira ametoweka kabisa, tukabaki wawili, hakuna wa kutupelekea maneno.

"Mbuzi ulishalipa," akasema. "Na mulima iko wazi leo."

Nikawaita vijana wote waliokuwa kwenye foleni, nikavijaza vigari vyote vinne vya nyuma mpaka Kakule akaridhika, nikaenda kukaa mbele, ubavuni mwa mama mkwe wangu. Tulipofika juu akaniambia nifungue macho, nikafungua.