Cadey Hakuwa Tasa

Siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu, ingawa ni habari ya mbuzi. Ilikuwa wakati wa vita vya shifta. Askari walitukusanya kijiji kimoja nje ya Garissa, ngamia wetu wakapigwa risasi. Nyanya yangu, ayeeyo, akabaki na Cadey, mbuzi jike mweupe, na madume watatu. Akaniambia nihasi wawili, wa tatu nimwache awe beberu. Sisi hatuchani ngozi. Tunaponda mishipa ya mbegu kwa mti, kwa nje huoni jeraha. Kwa sifa za ujana nikawaponda wote watatu.

Nikanyamaza. Yule wa tatu, aliyedhaniwa beberu, akaendelea kupanda, nikajidanganya kwamba mishipa imejiunga yenyewe. Kumbe kupanda ni kimoja, mimba ni kingine. Mvua mbili zikapita, nyumbani hakuna maziwa. Ayeeyo, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, akamwita Cadey tasa, akamchinja. Nyama nilikula, kisha ikanishinda, nikakiri.

"Kuponda ulikosea tu," akasema. "Lakini umeninyamazia mpaka nimemchinja asiye na kosa. Wallahi, hilo ndilo baya."

Sasa wewe. Ulifunga mirija ya mbegu miaka kumi na miwili iliyopita, na marehemu mkeo alijua. Kisha ukamwoa Halima, na sasa unataka ifunguliwe. Daktari alitueleza bila kutuficha: miaka ikiwa mingi tangu kufungwa, kazi huwa ngumu zaidi. Mkono stadi huiunganisha, lakini kovu laweza kuiziba tena. Hata mbegu zikirudi, mimba hutegemea pia umri na afya ya mke, na huenda mkasubiri mwaka au zaidi. Matokeo anayajua Mungu.

Ila Halima hajui lolote. Anakunywa mizizi michungu, shangazi zako wanamwita tasa mbele yako, nawe unatazama mkeka. Naona aibu kwa niaba yako.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwambie kwanza, kisha nendeni wote wawili mkapimwe, na msikawie, kwa maana umri wake nao unakwenda. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki.

Yuko jikoni, anachemsha mizizi. Nenda sasa hivi, mwanangu. Mungu akufungue ulimi kabla ya kukufungua mirija. Amin.