Ardhi ya Makaburi Mjini Migori

Nilipelekwa Migori mji ukiwa umeanza kupanuka bila kungoja mtu. Maduka yaliongezeka kando ya barabara ya kwenda Isebania, nyuma yake nyumba za kupangisha za mabati, na nyuma ya hizo mahindi. Kazi yangu ilikuwa kuandaa mpango wa mji: watu wakae wapi, wafanye biashara wapi, shule ijengwe wapi. Nilitoka Utaita, sikujua Kijaluo, na nilipanga chumba kimoja nyuma ya duka la saruji.

Siku za kazi zilipita. Taabu ilikuwa wikendi. Ijumaa jioni ofisi nzima ilikwenda nyumbani, huyu Kendu Bay, yule Rongo, mwingine matangani. Jumamosi nilikunywa chai peke yangu hotelini, kisha nikatoka kuzunguka viwanja vilevile nilivyovipima siku za kazi, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Watu waliniona na ramani yangu, wakanyamaza hadi nipite. Walidhani nimekuja kuwabomolea.

Katika mpango huo nilitenga pia ardhi ya makaburi, kipande cha baraza la mji kilichoinuka, mbali na mto. Siku ya kuupitisha, madiwani hawakunisumbua sana kuhusu soko wala steji ya magari. Kisha diwani mmoja mzee, mwenye kinu cha kusaga unga pale mjini, akaweka kidole kwenye kipande cha kijani katika ramani yangu.

"Ofisa, hapa ni nini?"

"Makaburi, mheshimiwa."

Madiwani wengine wakainama kuitazama ramani.

"Ya nani?" akauliza, bila ukali. "Mtu wetu akifia Mombasa tunachanga, tunamleta dala, nyumbani kwa baba yake. Hapa mjini tumekuja kutafuta unga tu. Ama umetuona sisi ni watu hatuna kwetu?"

Nilieleza kwamba mji unakua, kwamba kuna wanaofia hospitalini wakakosa wa kuwachukua, na kwamba kuna wageni.

"Wageni pia wana kwao. Hata wewe ukifa leo, si utarudishwa?"

Wachache wakacheka. Mimi nikajikuta nalifikiria swali lile kwa dhati, mbele ya watu. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa. Mimi na ndugu yangu wa pekee hatukuwa tumesikizana tangu tugawane shamba.

"Nitarudishwa," nikasema.

Waliamua ardhi ile wapewe mafundi wa jua kali, nami nikarudi ofisini kurekebisha ramani. Nikiwa nimeinama mezani, mpiga taipu wetu akaingia na kufunga mlango. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu bila kuvuka salamu.

"Ofisa, usiifute yote," akasema.

Nilimwuliza kwa nini.

"Mimi niliachana na mume wangu. Kwake sirudi. Na kwa baba yangu, mwanamke aliyeolewa akarudi hazikwi ndani ya boma. Ndugu zangu wameshaniambia, watanitafutia mahali nje ya ua." Alisema hayo akiitazama ramani. "Hao wanaume hawajui swali hilo. Mimi huwa ninalala nalo."

Nilimvutia kiti, akakaa, tukatazama pamoja kipande kile cha kijani. Kesho yake nilimfuata yule diwani kwenye kinu chake, nikamwomba ibaki kona moja tu. Alinisikiliza huku mashine ikinguruma, akakuna shavu lenye vumbi la unga.

"Kona si mbaya," akasema hatimaye. "Lakini wa kwetu hutamwona huko."

Kona ikabaki katika mpango. Haikudumu. Nilipohamishiwa Homa Bay tayari mtu mkubwa fulani alikuwa ameizungushia mawe, na hakuna aliyetaka kuniambia alipewa na nani. Niliandika kulalamika. Sikujibiwa.

Huko Homa Bay nilianza upya: ramani nyingine, chumba kingine, Jumamosi zilezile, ila sasa nilikuwa na ziwa la kutazama. Siku moja yule mama akaja ofisini kwangu. Alikuwa ameacha kazi, amenunua kipande cha shamba karibu na Kisegi, kwa jina lake mwenyewe.

"Nimejenga nyumba ya vyumba viwili," akasema. "Nimepanda na miti. Hapo ndipo nitakapozikwa, hakuna mtu wa kunitoa."

Nilimpongeza kwa moyo wangu wote. Tulikunywa soda, akanieleza habari za kuku wake na majirani wanaomletea samaki. Alipoinuka kuondoka akaniuliza, kama watu wa huko wanavyoulizana, "Na wewe ofisa, umejenga wapi?"

"Bado sijajenga," nikamjibu.

Alinishika mkono kwa muda kidogo. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikangoja apate gari.