Kofia Iliyokwenda Darasani

Matanga yalikuwa hayajaisha vizuri wakati mwanamke asiyemjua alipoingia uani kwa Maroa, akamrudishia kofia yake mwenyewe.

Maroa aliigeuza. Ile ile, pama ya zamani, ukingo umetafunwa na ndama. Ilipotea tangu mvua za mwaka jana. Alimshuku jirani yake Mogire, mpaka salamu zao zikawa za kukohoa tu.

"Umeitoa wapi?"

"Darasani, jaduong'," alisema mwanamke, kwa heshima ambayo Wajaluo humpa mzee. "Naitwa Joyline. Mama Nyangi alikuwa anaivaa akiigiza."

"Akifanya nini?"

"Akiigiza. Alikuwa anakuigiza wewe."

Maroa aliketi. Nyangi, mke wake, waliyemzika juzi! Kila Jumamosi alibeba kapu la viazi vitamu kwenda Migori. Sokoni, Maroa alidhani. Hakuuliza. Kuuliza hakukuwa kawaida yake.

Joyline akamweleza. Nyangi alitamani kuigiza tangu usichana. Alianza kutafuta darasa huko Homa Bay, siku zile aliposema anaenda kumwona dada yake. Mahali pamoja walimtajia ada ya kuuza ng'ombe. Pengine wakamwita bibi kizee: "Shosh, hii ni ya vijana." Mwisho akampata mwalimu Okemwa pale Migori, anayefunza watu wazima wasiojua lolote, ndani ya stoo ya magodoro ya Asiya mwenye duka. Ada ni ulichonacho. Viazi vile ndivyo vilivyokuwa ada.

"Na watu walicheka?"

"Sana, jaduong'."

Maroa akaikunja kofia mkononi. Kumbe kila Jumamosi alikuwa anapelekwa mjini achekwe na wageni! Na udongo wa kaburi bado mbichi, hata wa kumuuliza hayuko.

Jumamosi akavaa kofia, akaenda.

Asiya alikuwa mlangoni mwa duka lake. Alipomwona akashika mdomo. "Wallahi, ni yeye! Hata kutembea!"

Wanafunzi walikuwa tayari ndani ya stoo. Maroa akasimama katikati ya magodoro.

"Nimekuja," alisema.

Mtu mmoja huko nyuma akaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio. "Nimekuja" ndilo neno Nyangi alilokuwa akianza nalo kumwigiza.

"Nionyesheni," alisema Maroa. "Yote. Msinifiche kitu."

Okemwa akaiomba kofia, Joyline akaivaa. "Zamani Mama Nyangi alikuwa wewe, mimi nikawa yeye," alisema. "Sasa mimi ndiye wewe."

Akaingia, mikono nyuma, mgongo ule ule. Akaketi bila salamu. "Maji iko?" akauuliza ukuta. Watu wakacheka. Maroa alihisi masikio yakiwaka moto. Akaishika fimbo yake aondoke.

Lakini Joyline aliinuka. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, kama mwizi wa kuku. Akanyakua kigoda kilichokuwa upande wa jua, akakivuta hadi upande wa kivuli. Akavua kofia, akakipangusa nayo. Kisha akakimbilia kiti chake na kukunja uso. "Maji iko?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Fimbo ya Maroa ilianguka. Kigoda cha Nyangi! Kila jua likiwa kali, kabla mkewe hajarudi kutoka shambani, Maroa alikihamisha chini ya paa. Hakuna aliyemwona. Alihakikisha. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi alihakikisha.

"Nani aliwaambia?"

"Yeye," alisema Okemwa.

"Alijua?"

"Tangu mwanzo, mzee. Tulimuuliza mbona hakwambii. Akasema, nikimwambia ataacha."

Maroa akaiokota fimbo. Kweli. Angeacha.

Asiya akaleta chai. Maroa hakuigusa hadi ikapoa.

"Darasa ni pesa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Ulichonacho."

"Niko na maziwa."

"Maziwa ni sawa. Lakini mzee, wewe tunaye tayari. Tuliyemkosa ni Nyangi."

"Mwanaume wa Kikuria avae leso?" Asiya akadakia. "Hiyo hata mimi nitalipa kuona!"

Maroa alimtazama. "Leta leso."

Akafungwa leso, akapewa jembe. Okemwa akamweleza: unatoka shambani, umechoka, unakikuta kigoda kivulini, unakaa. Huoni kitu. Hujui kitu.

Maroa akaingia. Akakaa.

"Umekiangalia kigoda, mzee. Mama hakuwahi kukiangalia. Rudia."

Akarudia. Akakiangalia tena.

"Tena, mzee."

Maroa alisimama, jembe begani. Miaka yote ile, na hakukiangalia hata mara moja?

"Aliwezaje?" aliuliza.

Akatoka nje, akavuta pumzi, akaingia upya.