Flash ya nyimbo za mzee ilivyonigomea katikati ya malori Kurasini

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mie humu nimekuwa msomaji tu, nacheka na nyuzi za wenzangu halafu nalala. Leo nina la kwangu. Sitaongeza chumvi, lenyewe lilivyo limekolea tayari. Mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Naishi Mtoni, Temeke, na familia yangu pamoja na baba yangu mzazi.

Mzee ni mtu wa Masasi. Miaka yote ya kazi yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni mwalimu wa kwaya. Msifikirie mwalimu wa kwaya wa kubonyeza kinanda na kuvaa suti inayong'aa. Mzee alikuwa anatunga mwenyewe, anaandika do-re-mi ubaoni, anagawa sauti nne, na ukikosea unasimamishwa uimbe peke yako mbele ya watu wazima wenzako.

Sasa hivi ana ugonjwa wa kusahau.

Kuna ndugu waliosema karogwa, kuna waliosema ni uzee tu. Daktari alitueleza vizuri, na tunampeleka clinic upande wa Kinondoni. Anakula, anatembea kunizidi mimi, ila watu ndiyo wamemtoka kichwani. Mimi ananiita "kijana". Kuna asubuhi ananiuliza kwa adabu kabisa kama kwetu ni mbali.

Balaa lake ni gari.

Akikaa kwenye gari kwa muda anaanza kuamini kwamba anapelekwa asikokujua. Anagonga kioo, anadai ashushwe. Ukimweka siti ya nyuma ndiyo anaona amekamatwa kabisa. Kwa hiyo anakaa mbele, na mlango wa mbele wa gari langu, hata ukiwa umelokiwa, mtu akivuta kitasa kwa ndani unafunguka.

Dawa tuliyoipata ni nyimbo.

Dada yangu Stella alikuwa ametunza kanda ya ile kwaya ya mzee. Fundi mmoja wa Sinza akaihamishia kwenye kompyuta, mie nikaweka kwenye flash. Siku ya kwanza mzee aliposikia alinyamaza, akainua kidole, akaanza kuongoza kwaya palepale mbele ya dashibodi. Tumefika clinic bado anaongoza. Wakuu, nilifurahi mpaka nikapitiliza geti.

Hapa naomba nipumzike kidogo niwaeleze kuhusu redio, maana najua mafundi mmejaa humu.

Gari langu ni la mtumba kutoka Japan, redio yake ya kizamani, haina Bluetooth. Halafu haijali wimbo unaitwaje wala umeupa namba gani. Inapiga kwa kufuata uliotangulia kuingia kwenye flash. Ukizimwaga zote kwa mkupuo, zinaingia shaghalabaghala.

Na mzee kanda yake anaijua. Wimbo wa kwanza ukiisha anakohoa, anajiweka sawa kwa wa pili. Ukija mwingine anafoka, "Nani kabadilisha ratiba?"

Kwa hiyo nikawa nazicopy mmoja mmoja. Nasubiri huu uingie, ndipo nautupia unaofuata. Mke wangu alikuwa ananipita pale mezani ananiuliza kama napanga nyimbo au napanga matofali.

Maisha yakaenda vizuri. Shida ni kwamba ile flash ilikuwa ndogo, na wenye gari tuko wengi. Watoto wanataka nyimbo za katuni, mama yao anataka mahubiri, mie nataka rhumba zangu. Siku moja kwenye foleni akapita mchuuzi na flash imeandikwa terabaiti mbili. Bei yake chipsi mayai na soda.

Terabaiti mbili kwa bei ya chipsi mayai, na mie mtu mzima mwenye ndevu nikaamini!

Nikaingiza rhumba, mahubiri, katuni. Mwisho kabisa nikaingiza za mzee, mmoja mmoja kama kawaida, kwenye folda yake. Nikaenda kujaribu kwenye gari, rhumba inapiga safi. Nikafungua folda ya mzee, majina yote yapo, yamejipanga. Nikaridhika bila kusikiliza. Flash ya zamani nikaiacha imechomekwa kwenye laptop nyumbani.

Kumbe hizi flash feki ni waongo wa kuzaliwa. Uwezo wake halisi ni mdogo, ila haikwambii kwamba imejaa. Inaendelea kupokea, inakuonyesha majina, kumbe ndani ya hayo majina hakuna kitu.

Ikafika siku ya clinic.

Kawaida Stella anakaa nyuma ya mzee, anamshika bega njia nzima. Siku hiyo akapata dharura kazini. Nikamwambia asijali, flash ipo.

Huwa simwekei nyimbo toka nyumbani, maana kanda ni fupi na ikianza kurudia anagundua. Nasubiri aanze kuhangaika. Kuhangaika kukaanza Kurasini, kwenye foleni, joto linachoma, malori ya makontena kulia, kushoto, mbele na nyuma.

"Kijana, unanipeleka wapi?"

"Clinic, baba."

"Baba yako nani?"

Nikaingia kwenye folda yake, nikabonyeza. Redio ikaandika jina la wimbo wa kwanza. Kimya. Ikaruka wa pili. Kimya. Ikaruka wa tatu, wa nne, majina yanapita tu.

Nikaichomoa, nikaipuliza kama sote tunavyofanya, nikairudisha. Vilevile.

Kabla hamjaniuliza, kwenye simu sikuwa nazo. Simu yangu imejaa picha za shule za watoto, na kwaya ya kijijini ya miaka ile huipati mtandaoni. Nikampigia Stella, hakupokea. Nikawasha stesheni yoyote ya redio ili apate sauti ya watu, ikalipuka singeli.

"Zima makelele hayo!" Mzee akaanza kugonga kioo. "Nishushe."

"Mzee wangu, subiri tuvuke hapa kidogo."

"Nishushe, mwizi wewe!"

Kabla sijamshika mkono, mlango umeshafunguka.

Wakuu, niliogopa. Sijawahi kuogopa vile. Mzee kapita katikati ya lori na lori, pale penye upenyo wa kutosha mtu mwembamba, na lori la nyuma linaachia breki za upepo lianze kusogea. Dereva yuko juu kule, anaangalia mbali, mzee yuko chini ya pua ya gari lake.

Niliruka. Gari nililiacha na mlango wazi na ufunguo ndani. Nikalipiga lile lori kwa viganja vyote viwili huku napiga kelele. Dereva akakanyaga breki, kichwa cha lori kikainama, kikatulia. Mzee hakugeuka hata kutazama. Kashavuka yuko pembeni ya barabara, anakwenda kwa mwendo wake ule wa mwalimu aliyechelewa kipindi.

Nikamfikia, nikamshika mkono. Hapo nikaharibu kabisa.

"Mwizi! Jamani mwizi! Ananiteka huyu!"

Mnaijua nguvu ya neno hilo katika mji huu. Huulizwi jina. Wakatoka bodaboda waliokuwa kijiweni, wakatoka vibarua wa bandarini, na jamaa mmoja pande la mtu aliyevaa kizibao cha kung'aa akanikamata kola ya shati mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu.

Yule jamaa akamgeukia mzee kwa heshima zote. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Huyu unamfahamu?"

Mzee akaniangalia usoni, akaniangalia vizuri kabisa. "Simfahamu. Kanitoa nyumbani kwangu."

"Ni baba yangu!" nikasema. "Anaumwa, anasahau. Nampeleka hospitali."

"Baba yako, halafu anakukana?"

"Kitambulisho kiko kwenye gari, twendeni mkasome jina."

Mmoja wa bodaboda akacheka. "Wezi wa siku hizi wana vitambulisho kuliko sie."

Kofi la kwanza lilitoka nyuma, sikumwona mpigaji. Sikio likaanza kulia. Mzee alikuwa amekwishageuka, anaanza kuondoka tena kuelekea barabarani, na watu wote wananiangalia mimi, hakuna anayemwangalia yeye.

Nilitaka kumwita arudi. Nikafumbua mdomo ukatoka wimbo. Ule wa kwanza kwenye kanda, aliotunga mwenyewe.

"Wavunaji amkeni, mawingu yanakuja..."

Mie siimbi. Nyumbani nikiimba bafuni watoto wanaongeza sauti ya TV. Niliimba vibaya, kola imenikaba, na machozi yananitoka.

Mzee akasimama.

Akageuka taratibu, uso umekunjamana kwa hasira ya kweli. "Wewe! Nani kakwambia uingie hapo?"

Akanisogelea.

"Hapo wanaingia soprano. Besi inasubiri. Unaharakia wapi?"

"Nisamehe, mwalimu," nikasema. Sijui hata neno hilo lilitoka wapi.

"Rudia."

Nikarudia, kola yangu bado iko mkononi mwa yule jamaa. Mzee akainua kidole, akaimba ile soprano kwa sauti yake ya kizee, akanisubirisha, akanipa ishara, nikaingia. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena. Yule jamaa aliniachia polepole, akaninyoosha na kola.

"Mazoezi yako wapi leo?" mzee akaniuliza.

"Kinondoni, mwalimu. Na tumechelewa."

Akawageukia wale watu. "Sasa mnatusimamisha barabarani ya nini? Hamna kazi?"

Akaenda kwenye gari kwa miguu yake, akaingia, akafunga mlango mwenyewe. Yule jamaa wa kizibao akanisindikiza. Dereva wa lori alikuwa bado amelisimamisha pale, kazuia msururu mzima nyuma yake, honi zinalia na yeye kakaa tu na mkono nje ya dirisha, anatungoja tutangulie.

"Samahani, braza," jamaa akaniambia dirishani. "Nenda na mzee."

Msidhani iliishia hapo. Toka Kurasini, Barabara ya Mandela yote, mpaka Kinondoni, mie ndiyo nilikuwa flash. Nikinyamaza kuangalia kioo, mkono wa mzee unaenda kwenye kitasa. Nikianza kuimba, unarudi. Maneno nilikuwa nayajua kwa sababu ya kuzipanga zile nyimbo mmoja mmoja, ila sauti ilikuwa aibu, na kila nilipokosea alinirudisha mwanzo. Tulifika nimekauka koo, shati limelowa, na shavu limevimba.

Nesi wa pale ana swali lake la kila safari, nadhani wanampima nalo. Humuuliza mzee kaja na nani. Na kila safari mzee husema hajui, au humtaja kaka yake aliyefariki zamani.

Siku hiyo aliniangalia. "Nimekuja na besi wangu," akasema. "Sauti hana, lakini mazoezi hakosi."

Nesi akacheka. Mie nikatoka koridoni, nikauelekea ukuta, nikalia kama mtoto.

Sasa wakuu, niliyojifunza.

Flash ya bei ya chipsi ni ya kumwekea adui yako. Na ukishaijaza, usijaribu wimbo wa kwanza, nenda ukasikilize wa mwisho kuingia, tena mpaka uishe. Nyimbo ambazo mtu wako anazitegemea ziwe na flash yake peke yake, na nyingine kama hiyo ikae kwenye droo ya gari. Sie sasa tunazo mbili, na kwenye simu nimefuta picha nikaziweka pia.

Mzee siku hizi ana karatasi ya daktari mfuko wa shati, ina jina lake na namba zetu. Angekuwa nayo siku ile lile kofi lisingenifika. Na nyie mnaokimbilia mtu akiitwa mwizi, ulizeni kwanza. Nilikuwa hatua chache tu nisiwepo humu kuandika.

Kingine ndicho kilichonileta hasa.

Nyumbani sasa namwita mwalimu. Anaitika, anatulia, anakula, ananiuliza kama nimefanya mazoezi. Nikimwita baba anashtuka, anarudi nyuma, anaanza kuutafuta mlango kwa macho. Kwa hiyo nimeacha kumwita baba. Kwa ajili yake imekuwa nafuu, ila kwangu neno lenyewe linanifika mdomoni kila asubuhi nikimpelekea chai, nalimeza.

Kama humu yupo aliyepitia hili na mzazi wake, naomba aniambie alizoeaje. Wataalamu wa redio nanyi karibuni mnicheke, ila wa kwanza kunijibu awe huyo.