Nusu ya Pili Ilipoanza Kusema

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyangu vya harusi, kumbe mtafsiri wa filamu hata haonekani. Unakaa gizani kando ya pazia, kwenye kiti cha plastiki, maiki mkononi, unawasemea waigizaji kwa Kiswahili. Ukumbi wetu ulikuwa nyuma ya saluni, huku Bertrams, mtaa wetu sisi wahamiaji. Jumamosi mchana walijaa wasusi, mafundi cherehani, na walinzi waliotoka zamu, bado na magwanda yao.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Fundi wa Sauti, mzee wa Bukavu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushusha, yaani kupunguza sauti ya filamu pale ninaposema mimi. "Binti yangu," aliniambia, "kila mtu mpe sauti yake, na usimnyang'anye mpaka mwisho. Watu wakishamzoea, basi."

Mkubwa wa pili alikuwa Meneja, na huyo hakunifundisha kitu. Nilipojifungua nikarudi na Neema mgongoni, alinisimamisha mlangoni mbele za watu.

"Mama Neema, hapa ni sinema, si kliniki."

"Papa Meneja, akilia nitamnyonyesha. Wewe ukilia, shauri yako."

Wasusi walicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile alitafuta njia ya kunitoa.

Akaipata. Alileta kichekesho cha zamani cha Marekani, cha miaka ile sinema za kule zilipokuwa zinaanza kutoa sauti. Walikuwa wameshaipiga filamu nzima kimya, kisha watu wakataka kusikia waigizaji wakiongea, ndipo wakairekebisha haraka. Kwa hiyo nusu ya kwanza ni muziki na maandishi kwenye kioo, na nusu ya pili wanaongea.

"Utatafsiri ile ya kimya," Meneja akaniambia. "Ya pili inasema yenyewe. Ikifika hapo chukua mtoto wako uende. Na filamu za mbele tutaona kama bado tunakuhitaji."

Sawa. Shujaa alikuwa muuza kofia, mwembamba, mwoga wa baba mkwe. Nilimpa sauti nzito ya kukwaruza, kama ya mjomba anayedai heshima kwenye kikao cha mahari. Watu walikuwa hoi kwa kicheko.

Halafu nusu ya pili ikaanza. Muuza kofia akafungua mdomo, ikatoka sauti nyembamba kama ya kifaranga, tena kwa Kiingereza.

"Eish! Wamebadilisha mtu!" akapiga kelele mlinzi mmoja.

"Fundi, umeweka filamu nyingine!"

Meneja akasimama mbele ya kioo, kofia za sinema zikimpita usoni. "Jamani, hiyo ndiyo sauti yake halisi!"

"Halisi ya nani?" akajibu msusi mmoja. "Sisi tumekuja naye tangu mwanzo. Mama Neema, mrudishe mtu wetu!"

Neema alikuwa ananyonya. Nilimtazama Fundi. Akashusha. Nikashika maiki kwa mkono uliobaki, na mjomba akarudi. Baba mkwe alipomzaba kofi, Neema akapiga ukelele kwenye maiki, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Filamu ilipoisha, Meneja akaninyang'anya maiki. "Umenidharau mbele ya wateja. Kazi imekwisha."

Ndivyo nilivyostaafu, na mtoto wangu hata meno hana. Mabinti mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, ndiyo hiyo. Msije mkaniambia eti ningekuwa mpole. Upole nilikuwa nao, nikaambiwa si kliniki.

Juzi Meneja amemtuma Fundi kwangu, Turffontein. Wateja wanagoma, wanasema bila mimi ile ni televisheni tu. Meneja anataka nirudi, ila mtoto nimwache kwa jirani.

"Mwambie narudi na Neema," nilimjibu Fundi. "Na nikiwa namnyonyesha, maiki atanishikia yeye Meneja."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na umwambie kwa ile sauti ya mjomba."