Mapigo Matatu ya Lowell Stambaugh

Kila Septemba, kwenye uwanja wa walenga shabaha wa Bonde la Blackgum, kusini mwa Ohio, watu walipanga foleni mbele ya meza ya Lowell Stambaugh kama wagonjwa mbele ya daktari. Walimletea mitambo ya bunduki za gumegume. Si ile ya mababu iliyofungiwa kwenye makabati ya kioo. Ni ile ya kuigiza, iliyotengenezwa na mafundi wa gereji miaka ya sitini na sabini, wakati wazimu wa bunduki za kale ulipowashika watu wazima wenye wake na rehani. Mingi ilikuwa takataka, michache ilikuwa ya kuringia, na kazi ya Lowell ilikuwa kusema upi ni upi.

Hakulipwa. Malipo yake yalikuwa kusikilizwa, na mtu aliyekwisha kuonja malipo hayo haachi kirahisi.

Alikuwa na utaratibu wake, nao haukubadilika tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mtambo aliubana kwenye jiliwa, akaufungua, akatazama kama springi inakwaruza pembeni na kama skrubu zimekaa wima. Kisha akachukua tupa ndogo na kuligusa kidogo ukingoni lile bamba la cheche, yaani kile kipande cha chuma ambacho jiwe hukipiga. Alilipima ukingoni kwa adabu, asije akauchubua uso. Tupa ikiteleza, chuma kimekomaa. Ikiuma, chuma ni laini. Mwisho alishusha turubai kupunguza mwanga, akavuta nyundo yenye jiwe, akapiga mara tatu. Cheche nyeupe zinazochemka ndani ya kisahani cha baruti zilikuwa habari njema. Cheche nyekundu zinazokufa hewani zilikuwa msiba. Baada ya hapo alitamka neno moja kwa sauti, wote wasikie: "Chuma," au "Siagi." Ulioitwa siagi aliulaza kifudifudi, na mwenyewe akauchukua huku ameinamisha kichwa.

"Kwa nini mara tatu tu, Mzee?" wageni walimuuliza.

"Ng'ombe akikupiga teke mara tatu, unangoja la nne ndiyo umjue?"

Watu walicheka kila mwaka, hata waliokwisha kuusikia utani huo mara ishirini.

Sasa tuseme habari ya Virgil Teeple, maana bila yeye Lowell ni mzee tu mwenye tupa. Wawili hao walifanya kazi benchi moja kwenye kiwanda cha vipuri vya matrekta, wakala maharagwe na mkate wa mahindi kutoka kwenye kopo moja, wakawinda kulungu pamoja. Binti mdogo wa Virgil, Nadine, alimwita Lowell anko, na Lowell ndiye aliyemfundisha kushona mfuko wa risasi. Kisha Virgil akajifungia kwenye gereji yake miaka miwili, akatoka na mitambo mia nne ya gumegume iliyochongwa na mikono yake. Hakumshirikisha Lowell. Labda alitaka kumshangaza. Lowell alisema amefurahi, lakini moyoni kidonda kilikuwa kimeshaota, na kidonda cha rafiki hakipakwi dawa, maana hakuna anayekubali kwamba kipo.

Septemba ya mwaka sabini na nane Virgil aliuweka mtambo wake wa kwanza juu ya meza, mbele ya watu zaidi ya hamsini. Lowell akagusa ukingo, tupa ikauma. Akapiga mara tatu, zikatoka cheche nyekundu, zikafa.

"Siagi," alisema.

"Lowell, ndugu yangu, hebu uupige mara thelathini," Virgil alisema taratibu. "Sijui kwa nini, lakini unachangamka ukishapigwa."

"Kwangu ni tatu."

"Thelathini tu. Nakuomba."

"Hata mawe mawili ya mtoni ukiyagonga mara thelathini yatakupa cheche, Virgil. Niyaite bunduki?"

Kicheko kilichopasuka pale, Virgil alikibeba hadi kaburini. Waliokuwa wameagiza waliirudisha mitambo. Gereji ikafungwa kabla ya theluji. Virgil akaenda kuvunja mawe machimboni, na miaka kumi na mitatu baadaye akafa, na Lowell akasimama nyuma kabisa kanisani, akaondoka kabla ya chakula. Jina ndilo halikufa. Pale Blackgum watu walianza kukiita kila kitu kibovu Teeple. Gari likigoma kuwaka ni Teeple. Mkwe mvivu ni Teeple. Vijana waliozaliwa baada ya Virgil kuzikwa walilitumia neno hilo bila kujua kwamba lilikuwa mtu.

Mwaka elfu mbili na tisa, siku ya Jumamosi, saa nane mchana, foleni ilipofupika, alisimama mbele ya meza mwanamke mwenye mvi, kabeba bunduki ndefu begani na kifurushi cha karatasi ya mafuta mkononi. Lowell alimtambua kwa kidevu. Kilikuwa kidevu cha Virgil.

"Habari za mchana, Mzee Stambaugh," Nadine alisema. Hakusema anko. "Nimekuletea miwili. Mmoja haujapigwa hata mara moja. Mwingine upo kwenye bunduki yangu, nawindia nao mwaka wa thelathini huu. Yote ni ya baba."

Dwight Rademaker, muuza pembe za kuwekea baruti wa meza ya pili, mtu mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi, akapaza sauti. "Jamani njooni! Leo tunaletewa Teeple wawili, na wote halisi!"

Watu wakasogea. Nadine hakugeuka. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lowell akaupima ule mpya. Tupa ikauma ukingoni, kama zamani. Akageukia bunduki, akagusa ukingo wa bamba lake, tupa ikauma vilevile.

"Sasa pima usoni," Nadine alisema. "Hapo jiwe linapopita."

"Usoni huwa sipimi."

"Najua. Pima."

Akapima. Tupa ikateleza kama juu ya kioo. Akarudia, ikateleza tena. Akavuta nyundo, akaachia, na cheche nyeupe zikamwagika zikichemka kisahanini, hata mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Lowell akainamia bamba akitafuta mshono, maana watu hubandika kipande cha pua, yaani chuma kigumu cha feleji, juu ya chuma kilichochoka. Hakukuwa na mshono wala ribiti. Kilikuwa chuma kimoja, laini ukingoni na kigumu usoni, na katika umri wake wote wa ufundi hakuhitaji kuambiwa maana yake. Virgil alikuwa amevichoma vyuma vyake kwenye tanuri lisilofunikwa, hewa ikaila ngozi ya juu. Ngozi tu. Chini yake kulikuwa na pua safi inayongoja jiwe liiondoe ngozi hiyo. Virgil alikosea kwa unene wa karatasi, na karatasi hiyo ingeisha kwa mapigo thelathini.

Nadine akatoa mfukoni jiwe la kunolea, akaliweka mezani. "Usugue huo mpya, halafu upige. Mbele ya watu. Kama ulivyosema mbele ya watu."

Lowell aliliangalia lile jiwe. Angeweza kulichukua. Mkono ulikuwa mzima, jiwe lilikuwa karibu. Aliwaona watu wamesimama na vikombe vyao vya kahawa, akamwona Dwight akitabasamu, akaogopa. Aliogopa kama mtoto, mzee wa miaka sabini na nne.

"Hili bamba la bunduki limechomwa upya usoni," alisema. "Fundi mwingine kalitengeneza. Si kazi ya baba yako."

"Hakuna aliyeligusa ila baba na mimi."

"Basi baba yako hakukwambia kila kitu."

Lowell akaushika ule mtambo mpya. "Siagi," akasema, akaulaza kifudifudi.

"Nilisema mimi!" Dwight akapiga meza. "Teeple ni Teeple tu, hata umvike suti!"

Nadine aliichukua bunduki yake. Mtambo mpya na jiwe hakuvigusa. "Baki navyo, Mzee," alisema. "Vitakufaa ukiwa peke yako."

Alijua mtu wake. Hata saa moja haikupita, Lowell akafunga meza kwa kisingizio cha mgongo, akaingia kwenye nyumba yake ya magurudumu, akavuta pazia. Alisugua uso wa lile bamba mara arobaini, akafuta mafuta, akapiga. Kale kachumba kakajaa cheche nyeupe. Akapiga tena na tena, mpaka jiwe la gumegume likapasuka, na bado zilikuwa zinakuja. Akakaa kitandani na mtambo mapajani, akalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya nani kama si juu yake mwenyewe? Mitambo mia nne. Ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote aliyowahi kuishika, na yeye ndiye aliyeizika.

Asubuhi ya Jumapili huwa wanatoa matangazo wakati wa kifungua kinywa, chini ya hema kubwa. Lowell aliomba nafasi. Macho yake yalimtafuta Nadine kwenye mabenchi yote. Mwanamke wa jikoni akamwambia, "Yule wa bunduki ndefu? Kaondoka jana ileile, hata hakula." Hata hivyo akapanda juu ya benchi.

"Virgil Teeple alitengeneza mitambo mizuri," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Niliipima ukingoni, nikaipiga mara tatu, nikamwaibisha mtu mbele yenu, na jana nilijua nikamwaibisha tena mbele ya mwanawe. Acheni kulitumia lile jina."

Watu walitazamana. Kisha Dwight akasema, kwa upole wa kweli, "Mzee, nani kakutilia kitu kwenye kahawa?" Hema zima likacheka. Mwenyekiti wa uwanja akamshika mkono kumsaidia kushuka, akamnong'oneza, "Una moyo, Mzee. Kumsitiri marehemu namna hiyo, wengine wasingefanya."

"Simsitiri mtu! Nasema ukweli!"

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo. Kaa unywe chai."

Miaka thelathini na mmoja neno lake moja lilitosha kumfungia mtu gereji. Siku hiyo alisema maneno mengi, hayakutosha hata kufunga mdomo wa Dwight. Maji yakimwagika hayazoleki, nayo haya aliyamwaga kwa mkono wake.

Saa tatu alikuwa tena mezani, maana hakujua pa kwenda. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, kaleta mtambo alioununua mnadani. Lowell aliupima ukingoni, akaupima usoni, akausugua kwa jiwe la Nadine. Akapiga mara tatu. Akaendelea. Foleni ikaanza kunung'unika, mtu akauliza kama Mzee amelala na kidole chake ndio kinafanya kazi. Alihesabu kimoyomoyo hadi thelathini. Zote zilikuwa nyekundu, zote zilikufa hewani.

Kijana akainama mbele. "Huu ni Teeple, eh, Mzee?"

"Hapana," Lowell alisema. "Huu ni mbovu."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na Dwight akasema huo ndio utani bora wa Mzee tangu ule wa ng'ombe.