Kigae cha Bibi Ndani ya Unga Mweupe

Mama alikuwa mfinyanzi, mimi sikuwa. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya Msambweni, mwendo wa nusu saa kutoka barabara kuu, na mtu akimtaja mama watu waliuliza, "Yule wa vyungu?" basi, hawakuwa na haja ya kujua zaidi. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya upili huko Kwale, juu kilimani. Nilivaa koti jeupe, nikaosha chupa za watu, nikajiona msomi. Kila Ijumaa nilirudi nyumbani na mikono inayonuka sabuni, na mama aliitazama mikono hiyo, akarudi kwenye udongo wake.

Kwetu chungu kikivunjika hakitupwi. Vigae vyake hutwangwa kinuni, vikachekechwa, na ule unga ukatiwa katika udongo mpya, kwa sababu udongo mtupu ukiingia motoni hupasuka. Hilo kila mfinyanzi analijua. Lakini upande wa mama walikuwa na jambo lao wenyewe. Mfinyanzi akifa, mtungi wake wa maji huvunjwa, na kigae kimoja huhifadhiwa kwa ajili ya mjukuu wa kike. Siku mjukuu atakapofinyanga chungu chake cha kwanza, kigae hicho husagwa na kutiwa humo. Mara moja tu, chungu kimoja tu. Cha kwangu kilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati, kipande chekundu kinachotosha kiganja cha mtoto. Bibi alikuwa amekufa miaka kumi na miwili nyuma. Kilichobaki ni mimi kuketi chini siku moja na kufinyanga.

"Likizo ijayo, mayo," nilimwambia. Mayo ndiyo mama kwa Kidigo.

"Haya," alijibu. "Udongo hauna haraka."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilimwambia hivyo likizo ngapi, sikumbuki, na sitaki kukumbuka.

Mwalimu wa kemia pale shuleni alikuwa mtu wa bara. Wazazi wake walilima katika mashamba ya makazi waliyogawiwa na serikali, na nyaya za umeme zilipita juu ya mahindi yao zikielekea kwenye mahoteli ya Diani, wao wakila chajio kwa koroboi. Jambo hilo lilimkera kuliko alivyotaka kuonyesha. Alikuwa na bahasha ya kurasa zilizotolewa nakala, makala za wavumbuzi wa ng'ambo, karatasi zimechakaa kwa kukunjwa. Alinieleza mara nyingi hata nikaweza kumweleza mwingine. Unachukua kisahani cha kauri, chembamba. Upande mmoja kinapigwa na hewa, upande wa pili na gesi. Ukikipasha moto mkali, oksijeni hupenya katikati ya kauri yenyewe, ikakutana na gesi upande wa pili, na umeme ukatoka. Hakuna kinachozunguka wala kinachonguruma. Kila uso wa kisahani hupakwa kitu cha kuuchochea ule mkutano, na wavumbuzi wa mwanzo walipaka platini, ambayo hata ukiuza shule nzima huipati ya kutosha.

Yeye alitaka kujaribu vya bei nafuu. Kwa upande wa gesi, nikeli, ule unga wa kijani tuliokuwa nao rafuni hauna kazi. Kwa upande wa hewa, weusi uliomo ndani ya betri kuukuu za tochi, ambao una manganizi. Makala zilisema njia hiyo si ya kijinga. Kauri yenyewe ilikuwa zirkonia, na hiyo alipewa na mhadhiri wake wa zamani, mkebe mmoja wa unga mweupe kuliko unga wa ngano. Alichokosa ni moto. Akaniuliza kama namjua mtu anayeujua moto vizuri.

Hivyo ndivyo nilivyompeleka kwa mama. Ningalijua, ningalimtajia mhunzi yeyote wa Kwale nikaenda zangu.

"Shikamoo mama," alisema mlangoni, akivua viatu.

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Hujambo? Wazazi hawajambo?"

Mama aliuweka ule unga ulimini, kama alivyouonja udongo wote aliowahi kuushika. Akatafakari.

"Hauna ladha," alisema. "Huu haujapata kukanyagwa na mtu."

Alicheka, lakini aliukubali. Tulijenga tanuri dogo la matofali uani, tukaazima mvukuto wa mhunzi, tukanunua magunia ya makaa. Jumamosi baada ya Jumamosi, kuanzia asubuhi, mama alikanda unga ule kwa maji, akaubonyeza uwe visahani vya ukubwa wa shilingi, akavikausha kivulini, akavichoma. Mimi na mwalimu tulivuta mvukuto kwa zamu hadi mabega yakawaka. Mama hakuhitaji kipimo cha joto. Aliangalia rangi ya moto na kusema bado, bado, sasa.

Na vikapasuka. Vingine vilipasuka motoni, vingine vikipoa, vingine vilitoka salama lakini laini kama chaki, ukivigusa unabaki na vumbi kidoleni. Mama alivikusanya vipande vyote katika ungo. Baada ya Jumamosi ya nne alisema alilokuwa akilijua tangu ya kwanza.

"Mwalimu, udongo huu hauna mwenzake. Utie kigae."

"Hapana, mama. Hii kitu lazima iwe safi. Uchafu kidogo tu, oksijeni inakosa njia."

"Kigae si uchafu."

"Kwa hii kazi ni uchafu, mama. Pole."

Mama alinitazama mimi. Nami, badala ya kunyamaza, nikamhubiria: kwamba haya si mambo ya vyungu, kwamba watu wamesomea miaka, kwamba asije akathubutu. Nilimwambia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kukanda. Nilimwambia hivyo mfinyanzi wa miaka arobaini, mbele ya mgeni, na akaenda kunawa.

Siku moja kisahani kimoja kilipona. Tulikipaka nikeli na ule weusi wa betri, tukakibandika kwenye kinywa cha bomba la kauri pale maabara, tukakiwashia moto wa makaa na kupitisha haidrojeni niliyoitengeneza kwa zinki na asidi. Sindano ya kipimo cha umeme ikasogea. Ilisogea upana wa unywele, nikaiona kwa macho yangu, mwalimu akanishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Kisha kisahani kikalia tiki, kikagawanyika mara mbili, na sindano ikarudi ilikotoka. Lakini tulikuwa tumeona. Nilipomsimulia mama alifurahi sana, akauliza mara tatu ilisogea kiasi gani, nami nikamwonyesha kwa kucha.

Agosti ya mwaka ule fujo za kuwafukuza watu wa bara zikazuka upande wa Likoni, nao wakaanza kuhama. Wazazi wa mwalimu waliondoka na mbuzi wawili na kitanda kwenye lori, mahindi yakabaki shambani yakikauka. Yeye alisema atamaliza muhula, kisha naye aende. Alilisema huku akifuta ubao, hakunigeukia. Mkebe ulikuwa umebaki na unga wa kisahani kimoja.

"Hiki kikikataa, basi," aliniambia. "Huko niendako sina mama wa kunichomea."

Nilimpelekea mama ule unga mwenyewe. Nilimweleza yote: kwamba ndio wa mwisho, kwamba mwalimu anaondoka, kwamba kazi yote ya miezi ile iko ndani ya kijiko kimoja. Nilimwambia pia, sijui kwa nini, kwamba kazi hii sasa ni yangu vile vile, kwamba ndiyo kazi pekee ya mikono yangu niliyowahi kuipenda. Mama aliupokea mkebe kwa mikono miwili. Mimi nikaenda kisimani kuteka maji ya kukandia, na foleni ilikuwa ndefu.

Tulipochoma, mwalimu hakuwepo. Tulivuta mvukuto sisi wawili tu, mama akiwa na kikohozi kilichokuwa kimemwanza mwezi ule. Kisahani kilitoka kizima. Si kizima tu, kilikuwa kigumu, kimeng'aa kidogo, chenye rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Mama alikigonga kwa ukucha, kikalia sauti nyembamba, safi. Mfinyanzi akisikia sauti hiyo haulizi tena. Nilimkumbatia. Nilikuwa sijamkumbatia tangu nilipoanza kazi.

Kule maabara tulikipaka, tukakibandika, tukakipasha moto tangu asubuhi hadi wanafunzi walipotoka kucheza. Hakikupasuka, na sindano nayo haikusogea. Mwalimu alibadilisha nyaya, akaongeza gesi, akapuliza makaa kwa mdomo hadi machozi yakamtoka. Hakuna. Kilikaa pale katikati ya moto kizuri kuliko vyote vilivyotangulia, na hakikupitisha kitu.

"Sielewi," alisema. "Kwa kweli sielewi."

Wiki ya pili yake aliondoka. Aliniachia ile bahasha na kile kisahani, akanipa mkono kama anayempa mkono mtu wa ofisini. Sikumwona tena.

Nilizisoma zile kurasa peke yangu, na kamusi pembeni. Katika ukurasa mmoja, chini kabisa, palikuwa na maneno machache kuhusu udongo wa kawaida. Ukiingia kidogo katika zirkonia, mchanga uliomo ndani yake huyeyuka mapema, ukajaza mapengo kati ya chembe na kuzishikamanisha. Kauri inakuwa ngumu hata kwa moto hafifu. Lakini njia ya oksijeni inazibwa. Nilisoma mara mbili. Kisha nikakumbuka ile rangi ya chai.

Ijumaa ile mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimeanza. Nilifika nyumbani nimelowa, sikusalimu. Nikaushusha mkebe wa maziwa kutoka juu ya kabati, nikaufungua. Ulikuwa mtupu, una vumbi jekundu kwenye pembe tu.

"Ulitia kigae," nilisema.

"Nilitia," alisema mama. Alikuwa ameketi mkekani akichambua kunde. "Chote. Nilikisaga mpaka kikawa kama poda. Visahani vyenu vilikuwa vinapasuka, mwanangu, na huo ulikuwa wa mwisho."

Nitayaandika niliyosema, kwa sababu nimeyabeba peke yangu miaka mingi. Nilisema, "Umetuharibia." Nikasema mwalimu ameondoka mikono mitupu kwa sababu yake. Nikasema huo ulikuwa uchafu, tulikwambia ni uchafu, gae la mtungi wa zamani lina faida gani. Mama aliendelea kuchambua kunde. Alitoa mbovu, akaiweka kando, akatoa nyingine.

"Ulisema ni kazi ya mikono yako," alisema mwishowe. "Ya kwanza uliyoipenda. Nikadhani hicho ndicho chungu chako."

Nilikwenda kusimama uani kwenye mvua, karibu na tanuri lililokuwa limejaa maji.

Tangu siku hiyo hatukulizungumza. Lakini Ijumaa iliyofuata nilimkuta na jiwe la kusagia mbele yake. Alikuwa amekitoa kisahani kwenye mkoba wangu, na alikuwa akikisaga. Akikohoa, akipumzika, akisaga tena. Nilimuuliza anafanya nini.

"Nakirudisha kigae chako," alisema. "Kikiwa unga tena utakitia kwenye udongo wa kawaida. Ule mweupe hautadhuru, utakuwa mchanga tu."

Nilijua hakitasagika. Makala zilikuwa zimesema zirkonia iliyoiva ni ngumu kuliko karibu kila jiwe, na hii ilikuwa imeiva barabara, tena kwa sababu ya kigae chenyewe. Nilitakiwa nimwambie. Sikumwambia, kwa kuwa ningelazimika kueleza upya kwa nini, na nilikuwa nimekwisha kueleza vya kutosha katika nyumba ile. Nilitakiwa pia nikae chini pale pale, nichukue udongo wowote uliopo, nifinyange mbele yake chungu chochote, hata kibaya. Hilo nalo sikulifanya. Nilimwambia, "Pumzika, mayo, likizo ijayo." Msimu wote ule wa mvua alisaga. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni, wakicheka, kwamba anayetengeneza vyombo vizuri mwenyewe hula katika kigae. Sikuwahi tena kulicheka neno hilo.

Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya shule kufunga. Wanawake wa ukoo walikuja wakauvunja mtungi wake wa maji kama inavyopasa, wakaniletea kigae kimoja kwa ajili ya binti nitakayemzaa, kwa kuwa zamu yangu ilikuwa imekwisha kupita. Nikakitia katika mkebe ule ule wa maziwa.

Jiwe lake la kusagia ninalo. Katikati lina shimo linaloingia kidole gumba, lililochimbwa na kisahani. Kisahani kimelala humo shimoni, kimeng'aa kuliko siku kilipotoka motoni, na hakijapungua hata chembe.